"Reason for", si "reason of": jinsi ya kuandika sababu kwa Kiingereza

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nachapa barua, natoa kopi, naskani vyeti vya watu. Barua za Kiingereza zinazopita mikononi mwangu ni za aina tatu hasa: za kuomba kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kasulu na Kibondo, za kujieleza kazini, na za wanafunzi wa vyuo wanaoomba ruhusa au kuahirisha masomo. Zote tatu zinakutana mahali pamoja. Lazima mwandishi afike pa kusema sababu, na akifika hapo, barua saba kati ya kumi nitakazopokea wiki hiyo zitaandika "the reason of".

Kosa hili mimi silichukulii kama dogo, maana limenigusa. Kwenye kazi yangu ya kwanza niliandikishwa barua ya kujieleza. Msimamizi aliirudisha akiwa ameizungushia "of" kalamu nyekundu mara nne, na pembeni ameandika neno moja tu, "rewrite". Hakuniambia kosa ni nini. Nilikaa nayo usiku mzima, nikabadilisha maneno mengine yote, nikaziacha "of" zote nne kama zilivyo, kwa sababu kwangu zilikuwa sahihi kabisa: sababu ni "reason", ya ni "of", basi. Nilikuja kuelewa miaka kadhaa baadaye. Hatua zilizo hapa chini ndizo ningependa mtu angenikalisha akanionyesha siku ile.

Kabla ya hatua: kosa linatoka wapi

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi za maneno mengi. Walimu huliita a-unganifu: ya, wa, la, cha, vya, za na ndugu zake wote. Tazama tunavyolitumia bila hata kufikiri. Ndoo ya maji. Dawa ya malaria. Ufunguo wa mlango. Dagaa wa Kigoma. Treni ya Dar. Marufuku ya kuvua. Kwetu yote ni -a tu, na Kiha nacho kina -a yake ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo hata aliyekulia Kasulu akazungumza Kiha mpaka darasa la kwanza hakupata mahali pa kuona tofauti.

Mwingereza anazigawa kazi hizo. Ndoo ya maji kwake ni "a bucket of water", sawa. Lakini dawa ya malaria ni "medicine for malaria", ufunguo wa mlango ni "the key to the door", dagaa wa Kigoma ni "dagaa from Kigoma", na marufuku ya kuvua ni "a ban on fishing". Treni ya Dar kwake haiwezi kusemwa mpaka kwanza ajue kama inakwenda au inatoka: ikienda ni "the train to Dar es Salaam", ikitoka ni "the train from Dar es Salaam". Neno letu moja, yeye ana matano. Kila jina la Kiingereza limeshachagua kihusishi chake, yaani kineno kama "of", "for" au "to", na kazi ya mwandishi ni kukijua.

Kuna chanzo cha pili, na hiki ndicho kinachowatega hata waliosoma vizuri. Shuleni tulifundishwa, na ni kweli, kwamba "kwa sababu ya" ni "because of". Sasa kama "kwa sababu ya mvua" ni "because of the rain", akili inajumlisha yenyewe kwamba "sababu ya" itakuwa "reason of". Ile "of" ya "because" inahamia kwa "reason" bila kualikwa. Ni hesabu inayoeleweka kabisa, isipokuwa jibu lake si sahihi.

Hatua ya kwanza: tazama neno linalofuata

Ukishaandika "reason", simama. Usiandike kihusishi chochote mpaka ujue kitakachofuata ni kitu gani. Kuna mambo matatu tu yanayoweza kufuata.

Likifuata jina, andika "for". Sababu ya ucheleweshaji ni "the reason for the delay". Sababu ya kujiuzulu kwake ni "the reason for his resignation". Kitenzi chenye "-ing" nacho kihesabu kuwa jina, kwa hiyo sababu yangu ya kuchagua uuguzi ni "my reason for choosing nursing".

Ikifuata sentensi nzima, yenye mtenda na kitenzi chake, "for" haihitajiki. Tumia "why" au "that", au usiweke kitu: "the reason why I came late", "the reason that I came late", "the reason I came late". Zote tatu ni halali. Zisizo halali ni "the reason for I came late" na "the reason of why I came late", ambayo nimeiona kwenye barua ya mtu mwenye shahada.

Kikifuata kitenzi chenye "to", hapo maana inabadilika, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu Kiswahili chetu hakionyeshi tofauti. Sisi tunasema "sababu ya kuondoka" tukiwa na maana mbili. Ya kwanza: mtu ameshaondoka, na tunaeleza kwa nini. Ya pili: mtu bado yupo, na tunazungumzia kitu kinachoweza kumfanya aondoke. Kiingereza kinazitenganisha. "His reason for leaving" ni ya yule aliyeondoka. "A reason to leave" ni kitu kinachomsukuma mtu aondoke, awe ameondoka au la. Kwa hiyo mama anayesema "sioni sababu ya kumtilia shaka mwanangu" anasema "I see no reason to doubt my son". Na mwombaji kazi anayetaka kusema "sababu yangu ya kuomba nafasi hii" anasema "my reason for applying", maana kuomba ameshaomba, barua ndiyo hii.

Kama unababaika kati ya hizo mbili, jiulize kwa Kiswahili: jambo limeshatendeka au limeshaamuliwa? Likiwa limeshatendeka, "for" na "-ing". Kama bado linapimwa, "to".

Hatua ya pili: je, unaweza kusema "chanzo"?

Hatua hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinakupa jibu.

Kiingereza kina "reason" na kina "cause". "Reason" inachukua "for". "Cause" inachukua "of", na hapo "of" yako uliyoizoea imepata nyumba. Sisi nasi tuna sababu na tuna chanzo. "Sababu" yetu ni pana, inameza vyote viwili, lakini "chanzo" ni finyu: chanzo cha moto, chanzo cha ajali, chanzo cha ugonjwa. Basi kabla ya kuandika, jaribu kuweka "chanzo" mahali pa "sababu". Ikikubali bila kukwaruza sikio, andika "cause of". Ikikataa, andika "reason for".

Chanzo cha ajali? Inakubali: "the cause of the accident". Chanzo cha mimi kuchagua uuguzi? Inakwaruza: "my reason for choosing nursing". Kwenye fomu za hospitali mahali pa kujaza sababu ya kifo huandikwa "cause of death", kwa sababu malaria au kisukari havikuamua chochote. "Reason" mara nyingi ina mtu nyuma yake, mtu aliyefikiri akaamua. "Cause" ni kitu kilichosukuma kitu kingine kikatokea.

Chukua mfano wa meli mbili ambazo kila Mtanzania anazijua. MV Liemba, meli yetu ya hapa Kigoma, ilijengwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka hapa kwa reli ambayo ilikuwa imefika Kigoma 1914, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wakati ule iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Mafundi walipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha, wakijua kwamba ipo siku itatolewa. Waingereza waliitoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Sasa ukiulizwa kwa Kiingereza kwa nini ilizama, unaandika "the reason for the sinking", maana watu walikaa, wakafikiri, wakaamua.

MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Hakuna aliyetaka izame. Meli ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Hapo "the reason for the sinking" si kosa la sarufi, lakini inaweza kusikika kana kwamba mtu alikusudia. Ni bora uandike "the cause of the sinking", na jibu lake, "overloading". Meli zote mbili zilizama, lakini neno unalochagua linamdokezea msomaji kama palikuwa na mkono wa mtu aliyekusudia.

Mara nyingi mambo hayo mawili yanakuja kwa pamoja kwenye habari moja, na hapo ndipo unapoona ufundi wake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, nyavu zikakaa nchi kavu, samaki wapate kuzaliana. Mwanafunzi akiandika insha juu ya jambo hilo atahitaji sentensi kama hizi: "Overfishing is one cause of the fall in the catch. The fall in the catch was the reason for the closure." Uvuvi uliopitiliza ulisukuma samaki wakapungua, hicho ni chanzo. Kupungua kwa samaki kuliwafanya watu waamue kufunga ziwa, hiyo ni sababu. Ukizibadilisha, Mwingereza bado ataelewa, lakini atasoma mara mbili.

Jambo moja la kuangalia hapa: "cause" nayo ina mahali inapochukua "for". Ni pale inapokuwa na maana ya haki au msingi wa kuhisi jambo fulani. "There is no cause for alarm", hakuna haja ya kushtuka. "Cause for concern", jambo la kutia wasiwasi. Utakutana nayo pia kwenye barua za maofisini za "show cause", ambazo zinamtaka mfanyakazi atoe sababu kwa nini asichukuliwe hatua. Hiyo ni lugha ya kisheria iliyogandishwa, iache ilivyo. Ukiijibu, jibu lako linarudi kwenye "reason for" kama kawaida.

Hatua ya tatu: "because" na "because of"

Hapa sitakaa sana, kwa sababu Kiswahili kinatusaidia moja kwa moja. "Kwa sababu" bila "ya" inafuatwa na sentensi: kwa sababu mvua ilinyesha, "because it rained". "Kwa sababu ya" inafuatwa na jina: kwa sababu ya mvua, "because of the rain". Ukifuata sikio lako la Kiswahili hukosei. Wanaokosea ni wale waliojifunza kuweka "of" kila mahali wakidhani inapendezesha, wakaandika "because of my mother was sick". Usiseme kwa Kiingereza jambo ambalo usingelisema kwa Kiswahili. Hakuna anayesema "kwa sababu ya mama alikuwa anaumwa".

Kuna vifungu viwili ambavyo "reason" inakaa na "of" kihalali, na ni vyema uvijue usije ukavisahihisha kwenye barua ya mwenzio. Kimoja ni cha wingi, "for reasons of security", kwa sababu za kiusalama. Hapo "of" inataja aina ya sababu, haitaji jambo linaloelezwa. Kingine ni cha mahakamani, "by reason of". Nje ya mazingira kama hayo, "of" baada ya "reason" itilie shaka kwanza.

Hatua ya nne: baada ya "is", usirudie sababu

Umeshaandika "The reason for my absence" vizuri. Sasa unafika "is" au "was", na mtego mwingine unakusubiri: "The reason for my absence was because I was sick." Tafsiri yake ni "sababu ya kutokuwepo kwangu ilikuwa kwa sababu niliumwa". Sababu mbili kwenye sentensi moja. Waingereza wenyewe hulisema hili wakiongea, na sitamlaumu mtu akilisema mdomoni. Kwenye barua rasmi liache. Andika "was that": "The reason for my absence was that I was sick." Au taja jina tu: "The reason for my absence was illness."

Kuna ndugu yake, na huyu ameenea mno maofisini: "The reason for the delay was due to rain." "Due to" tayari ina sababu ndani yake. Chagua moja. Ama "The reason for the delay was rain", ama "The delay was due to rain". Mimi napendelea ya pili, ni fupi na haina mbwembwe.

Hatua ya tano: hakikisha neno linalofuata "for" ni jina kweli

Kijana mmoja alikuja dukani siku ya Jumatano, ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Naomba unichapie hii. Bosi anaitaka leo kabla ya saa nane."

Alikuwa amekwenda Kagunga kumuuguza mama yake, na Jumapili ya kurudi ziwa lilichafuka, boti hazikutoka. Jumatatu hakuonekana kazini. Barua yake ilianza hivi:

"RE: REASON OF ABSENT. The reason of my absent on Monday is because of my mother was sick and also the reason of the lake had strong wind so no boat."

Sikuichapa. Nilimvutia kiti, tukaisoma pamoja. Kwanza tuliangalia "absent". Neno hilo ni sifa: mtu yuko "absent", hayupo. Jina lake ni "absence", kutokuwepo. "For" inadai jina, kwa hiyo hata akirekebisha "of" peke yake, "the reason for my absent" bado itachechemea. Hili ni kosa linalojificha nyuma ya lile la kwanza, na watu wengi wakishajua "for" wanadhani wamemaliza. Jozi za kuzishika ni chache: "absent" inazaa "absence", "late" inazaa "lateness", "sick" inazaa "sickness", "resign" inazaa "resignation", "fail" inazaa "failure". Sababu ya kushindwa kuhudhuria kikao ni "the reason for my failure to attend the meeting".

Kisha nikamuuliza, kwa Kiswahili kabisa, ni nini hasa kilichokufanya usiwepo Jumatatu? Akafikiri. "Boti hazikutoka Jumapili." Na mama? "Mama ndiye aliyenipeleka kule." Basi barua yake ilikuwa imechanganya mambo mawili kwenye sentensi moja: kilichompeleka na kilichomzuia kurudi. Bosi anahitaji kuyaona yote mawili, kila moja mahali pake. Tukaandika:

"RE: REASON FOR MY ABSENCE ON MONDAY. I travelled to Kagunga on Friday to nurse my mother, who was ill. I had planned to return on Sunday, but because of strong winds on the lake no boats left that day. This was the reason for my absence."

Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo hiyo 'of' haifai kabisa?"

"Inafaa," nikamwambia. "Itazame hapo kwenye 'because of strong winds'. Iko kwao."

Itazame barua ilivyokaa: neno "reason" limebaki mara mbili tu, kwenye kichwa cha barua na kwenye sentensi ya mwisho. Katikati ni habari yenyewe. Barua yenye "reason" katika kila mstari humchosha msomaji hata kama vihusishi vyote ni sahihi. Ukieleza kilichotokea kwa mpangilio, sababu inajionyesha.

Hatua ya sita: majina mengine yanayodanganywa na "ya"

Ukishaielewa "reason for", umefungua mlango wa majina mengi yaliyo kwenye hali ile ile. Nitayataja yale ninayokutana nayo kila siku mezani, siwezi kuyamaliza.

La kwanza kwa umuhimu ni maombi. "Application of job" huua barua kwenye mstari wa kwanza. Maombi ya kitu unachokitaka ni "application for". "Application of" ipo, lakini maana yake ni matumizi au upakaji: "the application of fertilizer", uwekaji wa mbolea. Kwa hiyo "application of job" kwa msomaji wa Kiingereza inasikika kama mtu anayepaka kazi juu ya kitu. Kichwa sahihi ni "APPLICATION FOR THE POST OF DRIVER". Kitazame vizuri, maana kina "for" na "of" na zote mbili ni sahihi: "for" inaonyesha unachokiomba, "of" inataja nafasi hiyo ni ipi. Anayekielewa kichwa hicho cha barua ameshaelewa somo hili karibu lote.

Pamoja na "application" kuna "request for", "need for" na "demand for". Mahitaji ya mawese ni "the demand for palm oil".

Linakuja kundi la "to". Suluhisho la tatizo ni "the solution to the problem", jibu la swali ni "the answer to the question", uharibifu wa barabara, pale barabara inapokuwa ndiyo iliyoumia, ni "damage to the road".

Kundi la "in" ni la kupanda, kushuka na kubadilika: "increase in", "rise in", "fall in", "change in". Kupanda kwa maji ya ziwa, jambo ambalo sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tumelishuhudia likila nyumba na bandari, ni "the rise in the level of the lake". Tena uone: "in" kwa kinachopanda, "of" kwa ziwa lenye kina hicho. "Interest in" nayo imo humu, na "experience in" unapotaja fani: "five years' experience in teaching".

Kundi la "on" ni dogo: "ban on", "tax on", "effect on", "advice on". Athari za ukame kwa wakulima ni "the effect of the drought on farmers", ambapo kinacholeta athari kinakwenda na "of" na kinachoathirika kinakwenda na "on". Wengi wanaandika "the effect of the drought to the farmers", na hii naisahihisha karibu kila wiki wakati wa ripoti za mafunzo kwa vitendo.

Majina yanayobaki na "of" ni mengi pia, usiyaogope sasa kwa sababu umekutana na hayo: "lack of", "result of", "price of", "member of", "cause of". Bei ya dagaa ni "the price of dagaa" na itabaki hivyo.

Hatua ya saba: kukagua kabla ya kutuma

Chapa au andika barua yako, kisha chukua kalamu ya risasi. Usiisome kwa maana. Pita mstari kwa mstari ukizungushia kila "of" duara. Halafu rudi mwanzo, na kwa kila duara tazama jina lililo kushoto kwake. Jiulize: jina hili ni la "of" kweli, au nimetafsiri "ya"? Barua ya ukurasa mmoja inachukua dakika tano. Nimewaona watu wakikamata makosa yao wenyewe kwa njia hii bila mimi kufungua mdomo.

Ukibaki na shaka, fungua kamusi ya Kiingereza ya wanaojifunza lugha, hata ile ya kwenye simu, utafute jina lenyewe, si kihusishi. Tafuta "reason", usitafute "for". Kwenye mifano utakuta kihusishi kimekaa pembeni yake. Nakili mfano mzima kwenye daftari, sentensi kamili na si neno moja moja. Ukiandika "reason – for" pekee utaisahau wiki ijayo, lakini "The fall in the catch was the reason for the closure" inakaa, kwa sababu unaliona ziwa.

Mwisho kuna kile kisanduku cha fomu za kazi kinachoandikwa "Reason for leaving". Fomu yenyewe imekuandikia "for", kwa hiyo kilichobaki kwako ni kujaza jina au kifungu kifupi. Usianze na "Because", wala usirudie "The reason is". Mkataba uliisha: "End of contract." Ulikwenda kusoma: "Further studies." Ulirudi nyumbani kumhudumia mzazi: "To care for a sick parent." Kama uliondoka kwa ugomvi, kisanduku hicho hakina nafasi ya kuueleza, na "Personal reasons" inatosha na ni kweli. Kwenye usaili wakikuuliza, "What was your reason for leaving?", hapo una mdomo na muda. Jibu kwa sentensi nzima, na unaruhusiwa kuanza moja kwa moja: "I left because my contract ended in March and the project closed."